Lipu ya nyumba ya Mama, na hesabu zake

Nyumba ya wazazi wangu iko Soweto, hapa Moshi, na baba aliimaliza 1976. Mbele ni tofali za saruji, nyuma kuna chumba kimoja cha tofali za kuchoma ambacho kilitangulia kabla ya nyumba yenyewe. Masika ya mwaka huu yameangusha lipu chini ya dirisha la jikoni, na tangu hapo kila mtu kwenye ukoo amekuwa fundi ujenzi. Mdogo wangu wa Dar anataka mawe ya urembo. Shemeji anasema tupake rangi ya mafuta, maji hayatapita. Mama anasema nyumba imemtunza miaka yote hiyo, tuiache.

Mimi nimekuwa mhasibu wa shule mpaka kustaafu, kwa hiyo nimepewa daftari.

Fundi wa kwanza alizunguka nyumba mikono mfukoni, akatamka mifuko 25 ya saruji na lipu yote ibanduliwe. Nikamuuliza amepimaje. "Mama, hii kazi nimeizoea." Sikubishana naye, nilichukua futi kamba. Nyumba ni mita 11 kwa 9, mzunguko mita 40, kimo mita 3, jumla mita za mraba 120. Nikitoa madirisha na milango inabaki kama 102. Lipu ya sentimita mbili juu ya eneo hilo ni mita za ujazo mbili za mchanganyiko uliolowa. Mchanga na saruji vikiwa vikavu huchukua nafasi zaidi, karibu theluthi moja zaidi, kwa hiyo nikaandika 2.65. Kwa ndoo moja ya saruji na tano za mchanga, sehemu ya saruji ni mita za ujazo 0.44, na mfuko wa kilo 50 ni kama 0.035. Inakuja mifuko 13, na ukiongeza ya kumwagika na kupotea, 15. Ile 25 utaifikia ukipiga lipu ya zaidi ya sentimita tatu. Unene ndio unaokula saruji, na lipu nene ikipigwa kwa mkupuo mmoja inajivuta na kupasuka kabla hujalipa deni.

Halafu nikajiuliza kama kweli yote ibanduliwe. Nilichukua nyundo na chaki, mtaji wangu wa miaka ya kukaa ofisi ya shule, nikawa nagonga ukuta kwa mpini, taratibu, mita kwa mita. Pale lipu ilipoishika tofali mlio ni mzito na mfupi. Palipoachia panalia debe tupu. Pale penye mlio wa debe nachora duara. Majirani walidhani nimeanza kupiga mnada. Kufikia jioni ukuta wa kusini na wa mashariki ulikuwa madoa matupu, wakati wa kaskazini na magharibi ulikuwa mzima isipokuwa mita ya chini. Hakuna muujiza hapo: mvua ya masika inasukumwa na upepo kutoka upande huo wa kusini-mashariki, na nyumba haina gata hata moja. Maji ya bati yanaanguka, yanapiga ardhi, yanarukia ukuta.

Kwa hiyo mpango ni huu. Kusini na mashariki tunabandua yote. Kaskazini na magharibi tunakata mita moja ya chini tu. Fundi wa pili, ambaye ndiye nimempa kazi, alihofia kiraka kitaonekana, na ana haki. Dawa yake tumeipata kwa nyumba za jirani zote: chini unapaka mkanda wa rangi ya kahawia iliyokolea kuzunguka nyumba nzima. Mstari wa kiungo unafichwa na mkanda, na matope ya mvua zijazo nayo yanafichwa humo humo. Eneo limeshuka toka mita 102 hadi kama 70. Saruji mifuko 10. Mchanga gari moja la Kanta.

Saruji nachukua ya daraja la nguvu la 32.5, si 42.5. Muuza duka alinipa macho ya huruma, lakini ile yenye nguvu zaidi ni ya nguzo na zege. Kwa lipu unalipia nguvu usiyoihitaji. Mfuko shilingi 18,000, kumi ni 180,000. Mchanga 130,000 ukishushwa nyumbani. Kabla haujamwagwa nautia kiganjani na kuusugua. Ukiacha udongo mkononi, gari linarudi. Mchanga wenye udongo ndio unaozaa zile nyufa za nywele ambazo kila mtu huzisingizia jua.

Chumba cha nyuma kina shurti lake. Tofali za kuchoma ni laini, na lipu ngumu ya saruji ikishikana nazo inavutana hadi inang'oka na uso wa tofali. Hapo fundi atachanganya saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Pale chumba kinapokutana na nyumba kubwa kuna ufa ambao umezibwa na kufunguka tangu nikiwa msichana, kwa sababu kuta mbili za asili tofauti hazitanuki sawa. Tutapigilia wavu wa kuku juu ya kiungo kabla ya lipu. Hautauzuia ukuta kucheza, ila ufa utagawanyika uwe mdogo mdogo.

Sasa fedha. Fundi anataka 5,000 kwa mita, yaani 350,000. Ukijumlisha na saruji na mchanga, lipu yenyewe ni 660,000. Kugonga ya zamani na kubeba kifusi 120,000. Kukodi mirunda na mbao za jukwaa 70,000. Wavu na misumari 50,000. Na hapa ndipo ndugu zangu walipiga kelele kwenye simu: 530,000 nimeziweka mahali ambapo hakuna atakayeziona. Gata za pande mbili zile na mabomba yake ni 320,000. Kushusha udongo uliopanda ukutani na kumwaga sakafu nyembamba yenye mteremko wa kutoa maji nje ni 210,000. Mdogo wangu akasema afadhali hizo ziende kwenye mawe ya urembo. Mimi naona bora lipu ikose urembo kuliko ikose gata. Ukipiga lipu mpya na maji yakaendelea kuanguka palepale, umekodi lipu, hujainunua.

Udongo huo ni kisa kingine. Mama amepanda maua na mimea ya masale ukutani miaka mingi, akiongeza samadi kila msimu, mpaka ardhi ya bustani imepanda juu ya msingi. Unyevu unaingilia hapo, unapanda, na chumvi yake inamenya lipu kutoka ndani. Kwa mila zetu Wachagga, mtu akikosa huja na jani la isale kuomba radhi. Mimi nilikuwa nakwenda kumwomba mama radhi kwa sababu ya kung'oa isale lenyewe, kwa hiyo mikono ilikuwa mitupu. Amekubali yahamishiwe kwenye uzio, kwa sharti kwamba yeye ndiye atasimamia uhamisho, si fundi.

Kazi inaanza Agosti. Julai kuta bado zilikuwa zinatoa maji ya masika, na Januari jua lake linakausha lipu kabla haijakomaa. Agosti kuna wingu na ubaridi, na hata hivyo tutamwagilia asubuhi na jioni wiki nzima. Bili ya maji ya MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, nimeikadiria ndani ya akiba. Desemba sitaki hata kuisikia. Wachagga wote wanarudi nyumbani Krismasi, kila kaya inataka nyumba ing'ae, na fundi uliyemzoea ana kazi Kibosho, Marangu na Machame kwa wakati mmoja, bei ikipanda kila akipokea simu.

Rangi itasubiri mwezi mzima baada ya lipu, maana saruji changa ina ukali unaoibabua rangi. Nimeipangia mwisho wa Septemba, kabla vuli haijaanza, na bahasha yake peke yake ya 260,000. Ya Agosti yote ni 1,430,000, na nimeongeza akiba ya 215,000 kwa sababu huwezi kujua ukuta una nini mpaka uubandue. Fundi atalipwa theluthi akianza, theluthi pande mbili kubwa zikiisha, na theluthi ya mwisho baada ya ile wiki ya kumwagilia, nikiwa nimepita tena na nyundo yangu.

Mdogo wangu amekubali kulipia gata. Nimemwambia atume kwa namba ya Mama, si yangu, ili asipate nafasi ya kubadili mawazo.