Bongo la Mbuzi wa Idi

Idi ya Mfunguo Tatu mwaka 2018 ilinikuta nyumbani Lamu, nimerudi likizo na biokemia yangu ya chuo. Ami alikuwa ameshachinja na kuchuna, anakatakata nyama pale uani, na mkewe ametenga kichwa kando: bongo alilitaka alikaange na mayai. Binamu yangu wa Mombasa akakunja uso. Bongo halili, akasema, tangu asikie habari za ng'ombe wazimu wa Uingereza.

Nikajitia ualimu. Nikaeleza kwamba maradhi yale ya ubongo wa ng'ombe, ambayo mwaka 1996 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa huenda yamewafikia watu kupitia nyama ya ng'ombe, hayaletwi na bakteria wala virusi. Ni protini iliyokunjika vibaya, nayo huzikunja vibaya na wenzake. Mtafiti wa Marekani, Stanley Prusiner, aliipa jina la prioni mwaka 1982, wengi wakambeza. Mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel.

Ami hakuinua macho. "Na hiyo protini, kabla haijaharibika, yakaa wapi?"

"Kichwani mwako, ami. Na mwangu, na mwa huyu mbuzi."

"Yafanya nini humo?"

Swali hilo wengi hulivuka. Ugonjwa una vitisho vyake na vichwa vya habari. Kazi ya kila siku ya protini nani ataitangaza?

Ami alikuwa baharia ujanani, nikaanzia hapo. Nikamwambia protini hii huelea nje ya utando wa seli ya neva, imeshikwa na nanga ya mafuta iliyozama kwenye utando wenyewe. Hunasa madini ya shaba, na hupatikana kwa wingi kwenye sinapsi, pale neva moja inapoipokeza nyingine ujumbe. Mwaka 1992 mtafiti Charles Weissmann na wenzake kule Zurich, Uswisi, walizalisha panya wasio nayo kabisa, na panya wakakua na kuzaa kama kawaida. Mwaka 1994 watafiti wa London wakasema la, ubongo wa panya hao una kasoro: ishara za kutuliza neva ni dhaifu, na sinapsi haziimariki inavyopasa, jambo linalohusishwa na kumbukumbu. Mwaka 1996 wengine wakapima, wasione tofauti. Mimi nakubali kwamba protini hii ina mkono wake kwenye sinapsi. Kwamba hiyo ndiyo kazi yake kuu, bado sijashawishika.

"Ndoo utizame," ami akanikatiza. Alikuwa amelipasua paja kwa nyuma, na kwa ncha ya kisu akaibua kamba nyeupe, inayong'aa, nene kuliko nilivyotarajia, imepita katikati ya minofu miwili bila kushikamana na wowote. Nikaipitishia kidole. Ilikuwa na utelezi, na ilipovutwa haikukatika.

Weupe ule ni mielini, tabaka la mafuta linaloizunguka neva ili ishara ziende mbio. Na hapo ndipo habari ya prioni inaponikolea. Mwaka 2010 watafiti wa Zurich walionyesha kwamba panya wasio na protini hii, wakizeeka, mielini ya neva za miguuni huharibika. Mwaka 2016 wakaeleza sababu: kipande cha mkia wa protini hukatika, huenda kugusa kipokezi, yaani protini ya kupokea ishara, kwenye seli za Schwann, zile zinazoizungushia neva mielini, na seli hizo zikaendelea kuitunza mielini.

Nikaongeza kwamba Norwei kuna mbuzi wa maziwa waliozaliwa bila protini hii, na iliripotiwa mwaka 2012. Kisu kikasimama.

"Wazima?"

"Wazima."

"Miguu haiwafi ganzi?"

Katika yote niliyosoma, jibu halikuwemo. Bongo lilipoiva tukalila, isipokuwa binamu.

Jibu lilichapishwa mwaka 2020. Mbuzi wale wanatembea vizuri tu, lakini neva zao zikitazamwa kwa hadubini, mielini imeharibika. Nikamrekodia ami ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Akajibu jioni ileile, anataka kujua kama walipima neva za miguu ya mbele au ya nyuma, maana mbuzi, alisema, uzito wake mwingi huubeba mbele.