Kwa mwendo wa ng'ombe: Morogoro hadi Babati

Kabla ya kuulizia nyumba za kulala wageni, nilipiga simu kuulizia siku za mnada. Nilikuwa nampeleka mjomba wangu Babati akasalimie ndugu, na mjomba ni bwana mifugo mstaafu. Ukisafiri na mtu wa namna hiyo halafu ukampitisha Dodoma Jumatano, wakati mnada wa mifugo wa Msalato ni Jumamosi, maneno utayasikia mpaka mwisho wa safari. Kwa hiyo ratiba tuliijenga juu ya Jumamosi hiyo, na mengine yote yakajipanga kuizunguka.

Jambo la pili lilikuwa saa za kuwa barabarani. Ukishaipita Gairo kuelekea Dodoma unaingia nchi ya wafugaji, na mifugo ina saa zake. Asubuhi inatoka zizini kwenda malishoni, jioni inarudi, na mara nyingi lami iko katikati ya njia yake. Basi tukawa tunaondoka saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, na kufika saa kumi gari limeegeshwa. Usiku hatukuendesha kabisa. Kwenye vijiji tulikwenda 50 kama kibao kinavyosema, na askari wenye tochi tuliwapungia mkono tu.

Hata hivyo tulikutana na makundi mengi. Hapo ndipo mjomba aliponifundisha udereva ambao sikufundishwa nilipotafuta leseni. "Usipige honi, mwanangu. Ndama akishtuka anageuka kumtafuta mama yake, na mama yake ameshavuka." Kwa hiyo unapunguza mwendo mapema, unasimama kabisa ikibidi, unamtazama mchungaji. Akiinua fimbo, pita. Na usihangaike na ng'ombe wa mbele, maana huyo unamwona. Mtafute wa mwisho, yule anayechelewa kwenye majani ya kando. Mbuzi ni habari nyingine, wakikatiza hawana wa mwisho.

Pale Mbande tulikata kushoto kwenda Kongwa, kilomita chache tu nje ya njia kuu. Huko ndiko Waingereza walikoanza mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947. Walileta matrekta, wakang'oa vichaka, na kufika 1951 mradi ulikuwa umekufa: mvua haitoshi, ardhi ikikauka inakuwa ngumu kama saruji. Sehemu ya ardhi ile baadaye ikawa ranchi ya taifa, yenye ng'ombe aina ya Boran. Mjomba alikaa akiwatazama muda mrefu, akasema, "Karanga zilikataa, nyasi zikakubali." Mimi kwa kweli niliona ng'ombe wekundu tu na weupe, nikanyamaza.

Sasa Msalato. Iko kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara ile ile ya Kondoa, kwa hiyo haikutupotezea njia. Usiende ukitegemea kivuli. Ni uwanja wa vumbi, mabanda ya mitumba, wauza kamba na fimbo, Fuso zimepangwa zikisubiri mzigo, na Wagogo wakiamkiana "mbukwenyi" kila hatua. Ng'ombe wengi ni zebu wetu wa asili, wafupi, wenye nundu. Baadhi wamevalishwa hereni za utambuzi sikioni, wengine wana chapa ya moto.

Dalali mmoja alituona wageni akatujia na dume jeusi. "Mzee wangu, kijana huyu, miaka mitatu tu." Mjomba hakujibu. Alimshika dume puani kwa vidole viwili, akainua kichwa, akashusha mdomo wa chini kwa dole gumba. Akaniita nione. Juu mbele ng'ombe hana meno, ni ufizi mgumu tu, habari zote ziko chini. Jozi ya kwanza ya meno makubwa huota akiwa na miaka miwili hivi, kisha zinafuatana mpaka zinafika jozi nne. Dume lile lilikuwa na manane yote, ya katikati yameanza kulika. "Huyu anaitwa baba," mjomba akasema. Dalali akacheka sana, akamwamkia upya kwa heshima zote, na bei ikashuka bila mtu kuiuliza. Hatukuwa tukinunua, na hata tungenunua, mnyama hasafiri bila kibali cha afisa mifugo.

Nyama ndiyo tuliyonunua. Unachagua paja au mbavu za mbuzi, linapimwa kilo, unalipa, mchomaji analiweka kwenye moto. Chumvi, ndimu, pilipili ya kupondwa, basi. Nimekula nyama choma Dar kwenye viti vya ngozi na haikufikia ile.

Kutoka hapo hadi Kondoa ni lami safi, na mtu asiye na haraka anaifurahia, maana mibuyu ni mingi na magari ni machache. Baada ya Kondoa niliona mabadiliko: vilima vya kijani, makorongo ya zamani yaliyoota majani, na ng'ombe wachache barabarani. Mjomba ndiye aliyenieleza. Mmomonyoko ulikuwa umekula nchi ya Warangi kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Baadaye watu waliruhusiwa kufuga tena, lakini ndani, kwa kukata majani na kumpelekea ng'ombe bandani. "Ardhi ilipona," alisema, "ila kumwambia mfugaji aondoe ng'ombe wake si kazi ya kuiombea mtu." Hakuongeza neno mpaka Kolo.

Kolo tulisimama kuona michoro ya miambani, iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Unaanzia ofisi ya Mambo ya Kale, unapewa mwongozaji, mnapanda. Mteremko ni mkali, viatu vya kufunga kwa kamba vinahitajika. Mjomba alibaki chini na chupa ya maziwa mgando aliyonunua njiani.

Babati tuliingia mchana kweupe. Ndugu walikuwa wametuandalia nyama, ikabidi niombe kwa adabu samaki wa ziwani. Safari ijayo tukifika hapo tutakata kushoto kwenda Katesh, chini ya Mlima Hanang, kwa Wabarbaig. Mjomba ameshaanza kuulizia mnada wa huko ni siku gani.