Umepiga deni langu

Tangu asubuhi nahariri harusi ya Kakamega, na kila nikifika kwa bwana harusi aliyeegemea gari la kukodi, sauti ya Dere inanijia: "Mama Picha, umepiga deni langu, mimi ukaniacha."

Dere mnamjua, yule wa boda pale steji ya Nyalenda, hapa Kisumu, anayenibebea stendi na miavuli ya taa. Jumapili ya mwisho ya Aprili, tangu 2001, watu wa kamera za tundu la sindano (kopo lenye giza, karatasi ya picha ndani, na tundu dogo badala ya lenzi) duniani kote hutoka na makopo yao wakapige picha, nami sikutaka inipite. Akanipeleka Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Tulipofika nikamwomba asimame kando ya pikipiki yake, ziwa likiwa nyuma. Nikaweka kopo juu ya jiwe (lile la mafuta ya Kasuku, ndani nimelipaka rangi nyeusi) na kubandua tepu kwenye tundu.

"Tayari?"

"Bado. Sekunde 40."

"Arobaini? Ya kitambulisho si ni moja tu?"

"Hapa hakuna lenzi. Wewe simama."

Akasimama. Simu ikaita, akapokea. Mtu akampungia kutoka kwenye vibanda vya samaki, akaenda, akarudi. Sikumzuia, maana napenda kuona kopo litafanya nini na watu wenye shughuli zao.

Usiku, bafuni, chini ya taa nyekundu, karatasi ikaanza kuonyesha vitu ndani ya dawa. Pikipiki ilikuwepo yote: tairi, kiti, mpaka kile kitambaa alichofunga kwenye kioo. Mahali pa Dere palikuwa na kitu kama hewa nzito. Nikaipiga kwa simu, nikageuza nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe ikawa nyeusi, nikamtumia. Kesho yake jioni alikuja na hata salamu hakutoa.

"Mimi niko wapi?"

"Uko hapo. Ni vile ulisogea."

"Hapo wapi? Mimi naona pikipiki."

"Huo ukungu hapo kando."

Akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikawa chenga tupu. "Na hii pikipiki ni ya wenye mkopo mpaka Desemba. Yaani umepiga deni langu, mimi ukaniacha."

Tulicheka wote wawili. Yeye akaenda zake, mimi nikabaki na "hapo wapi?" Ayie ya mdogo wangu, ile sherehe ya mahari ya Wajaluo, imepita salama, mwenye nyumba amepandisha kodi, ile lenzi ya 70-200 imerudi kutoka kwa fundi, na bado namjibu Dere kichwani nikiosha vyombo.

Jibu la kifundi ninalo. Tundu lina upana wa milimita 0.4 hivi na karatasi iko sentimita 10 nyuma yake. Gawanya sentimita kwa tundu, unapata 250; namba hiyo ikikua, mwanga unapungua kwa mraba wake. Lenzi yangu ya harusi inafunguka mpaka 2.8, kwa hiyo mwanga unaoifikia karatasi ni kama sehemu moja kati ya 8,000 ya ule ninaoupata kwa lenzi. Na karatasi yenyewe ni nzito kuuona mwanga, na ule mwekundu karibu haiuoni kabisa, ndiyo maana inavumilia taa nyekundu. Jua kali, sekunde 40. Wingu likipita, dakika na dakika. Anayetembea humo ndani hakai mahali pamoja kiasi cha kuacha alama. Yote ni kweli, na hakuna hata moja aliloniuliza Dere.

Alichoniuliza ni kwa nini mtu anayelipwa ili watu waonekane anakipenda kitu hiki. Harusini kazi yangu ni kuchagua. Bibi harusi awe wazi mpaka kope, nyuma kupotee. Wateja wenyewe huomba hivyo, "nyuma kupotee". Na nyuma huko ndiko aliko shangazi aliyekesha na masufuria. Nampoteza kwa kuzungusha pete ya lenzi. Kopo halina pete. Jiwe lililo hatua moja mbele na vilima vya ng'ambo ya ziwa vyote vinatoka na ulaini uleule. Hakuna pa kuchungulia, unakisia tu, na kwa kuwa karatasi imejikunja ndani ya kopo, ufuo wote wa Dunga unatoka umepinda kama upinde. Baada ya mwaka mzima wa kuulizwa "umehakikisha imetoka?", sijui raha nyingine inayofanana na kutojua.

Kwa hiyo niliwahi kuandika hapa kwamba kopo halibagui. Dere ameniharibia sentensi hiyo. Linabagua vizuri sana: linampenda asiye na pa kwenda. Mwaka 1838 Mfaransa Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Yeye alikuwa na lenzi, lakini bamba lake lilitaka dakika kadhaa, na msongamano wote wa watu na magari ya farasi ukafutika. Akabaki bwana mmoja aliyesimama kupigwa viatu rangi. Huhesabiwa kuwa binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha. Mpiga rangi mwenyewe, aliyekuwa na mikono ya haraka, ni kivuli tu. Aliyehudumiwa ndiye aliyeonekana. Nimeiangalia picha hiyo tangu chuoni na sikuwahi kukasirika mpaka wiki hii.

Halafu jana naingia WhatsApp, Dere ameiweka ile picha kuwa profaili yake. Pikipiki peke yake na ziwa lililopinda. Nikampigia.

"Si ulisema haupo?"

"Ndiyo uzuri wake, Mama Picha. Wenye mkopo wakinitafuta nawatumia hiyo. Waone wenyewe sipo."

Anasema kuna wawili pale steji wanaotaka za kwao, na mmoja ameuliza bei. Sina bei. Ningeanzia wapi, kwa sekunde?

Narudi Kakamega, wanataka albamu Ijumaa. Ila Mama ameuza yule ndama wa madoa. Aliniambia kwa kupitia tu, katikati ya habari za mvua. Ndama aliyekataa kumuuza hata wakati wa karo! Nikiuliza pesa ni za nini, ananiambia mahindi yameota vizuri. Dada anasema nisimsumbue. Kesho nitampigia jirani yake wa nyumba ya juu, yeye huwa hafichi kitu.