Laoshi na Upepo wa Kaskazi

Jumatano jioni, nikishamaliza kupiga deki ghorofa ya pili, sikimbilii basi tena. Naingia chumba cha mwisho wa korido, nakuta wino unasagwa.

Mwenye darasa ni mwalimu wa historia kutoka jimbo la Fujian, China, aliyekuja hapa Leeds, Uingereza, kwa mwaka mmoja kama mtafiti mgeni. Siku nyingine yuko maktaba na makaratasi yake. Jioni hiyo moja anafundisha kuandika kwa brashi, bure, ajaye na aje. Tunamwita Laoshi, yaani Mwalimu. Kwao, kama kwetu Malindi, mwalimu haitwi kwa jina tupu.

Nilidhani tutaandika siku ile ile. Wapi! Wiki ya kwanza ilikuwa kusaga wino tu: kijiti cheusi, jiwe, matone ya maji, mkono unazunguka polepole. Ya pili tukapewa herufi moja, yong, maana yake milele. Ati ndani yake mna mapigo yote manane ya msingi ya mwandiko wao. Tangu hapo naiandika hiyo hiyo, na nukta ya juu bado inanitoka kama inzi aliyepondwa.

Kushika brashi wima kulinitesa; kuanzia kulia, wala. Vitabu vyao vya kale husomwa juu kwenda chini, mistari ikianzia kulia. Wenzangu Waingereza walibabaika, mimi nikakumbuka ubao wa chuo cha Kurani, na fimbo ya maalim.

Halafu chai. Haina maziwa, sukari wala iliki, na kikombe chenyewe ni kama cha kahawa ya barazani. Nilikunywa kwa adabu. Ila jina ni moja: wao cha, sisi chai, limepitia Uajemi njiani. Bibi yake, mtu wa kusini mwa Fujian, husema te, na hiyo ndiyo waliyoibeba Waholanzi kuja nayo Ulaya.

Juzi akaniuliza kwetu hasa ni wapi. Wengi hapa nikisema Kenya hunitajia mbio. Nilipotaja Malindi, aliweka brashi chini. "Malindi ya twiga?" Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China, wa ukoo wa Ming, twiga, nao wakamwita qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao. Kisha akagonga karatasi yangu kwa kidole: mfalme huyo ni Yongle, na yong yake ndiyo hii ninayoiharibu kila Jumatano. Skuli tulipelekwa kuiona nguzo ya Vasco da Gama. Twiga hakutajwa hata siku moja.

Merikebu za Zheng He, amiri wa bahari wa mfalme huyo, akaendelea, zilikuwa zikingojea upepo pale Changle, Fujian, kabla ya kushika bahari. Upepo wa miezi ya baridi.

"Ninyi mnauitaje?"

"Kaskazi."

Akautafutia herufi za kufuatisha sauti, zikatimia nne, akaziandika kubwa kwa wino mzito. Karatasi iko mlangoni mwa ofisi yake. Wapitao wanadhani ndilo jina lake.