Vile nilimupunguza Demolisher bila kumuharibu

Mu gemu ya 7 Days to Die iko zombi moja anaitwa Demolisher, njo alikuwa karibu kutuachisha gemu kabisa. Amevaa vilipuzi na ku kifua iko kifungo: risasi ikikigusa tu, taa inawaka, inalia bip bip bip, kisha analipuka na kila kitu chenye kiko karibu. Ukimupiga kichwa anakufa bila kulipuka. Wazo lenyewe nalipenda sana. Lakini sisi ba Kadutu, ku Bukavu, tunachezaka wengi pamoja, na usiku wa mwezi wa damu, wenye zombi zinakuja kushambulia kwa wingi, gemu inapimaka nguvu ya gurupe nzima juu ya kuchagua zombi za kutuma, njo maana Demolisher anatufikia mbele tumalize kujenga, na tureti zetu (bunduki zenye zinapiga zenyewe) hazichague, zinapiga kifua tu. Ule usiku ni saa inne mpaka saa kumi ya alfajiri ya mu gemu, kwa setingi za kawaida ni dakika 15 za kweli, na mu zile dakika ngome yote inaenda chini. Kuna mudogo wetu mwenye alijenga ukuta wa beto bloki kwa bloki, siku ulianguka alifunga mashini akaenda kulala bila kusema neno. Iyo iliniuma, nikasema iyi lazima tuitengeneze.

Bamoja balisema tumutoe, bengine tumupunguzie uhai. Nilikataa yote mbili, juu ukimupunguzia uhai anabaki zombi wa kawaida tu, na kumuua hata sasa inawezekana, chenye kinauma ni kulipa nyumba nzima juu ya risasi moja yenye ilipotea njia.

Mafaili ya asili mu Data/Config sikuyagusa, apdeti ikikuja inayafuta. Nilitengeneza folda yangu ndani ya Mods, nikaweka ModInfo.xml (yenye inatambulisha modi) na entityclasses.xml ndogo yenye inabadilisha mistari mbili tu ya zombieDemolition, njo jina la Demolisher mu mafaili: Explosion.BlockDamage (vile mulipuko unaharibu bloki) na Explosion.RadiusBlocks (vile unafika mbali). Na uzuri wake, seva inapatia bengine mabadiliko yenyewe, hakuna mwenye analazimika kununua mega za kudaunlodi kitu.

Namba nilizitafuta kupitia ukuta. Bloki ya beto iko na uhai 5000, ya chuma 10000, basi nguvu ya mulipuko ku bloki nikaiweka 3000 na upana wake nikaupunguza kidogo. Nilifungua konsoli na F1, nikaandika dm (ya kufungua hali ya majaribio), na F6 nikamuita mbele ya ukuta, nikamupiga kifua makusudi: wa kwanza beto inapasukapasuka lakini inasimama, wa pili inaanguka. Chuma inavumilia tatu, kwa hiyo sasa batu bako na sababu ya kweli ya kupandisha kuta zao, na ile mbele haikukuwa.

Siku izi bip bip ikianza batu bote banapiga kelele "rudi nyuma, rudi nyuma!", ikipita kuna mwenye anashika nyundo haraka kwenda kuziba mbele mwengine hajafika. Mudogo alirudi, ukuta wake iko mara mbili unene wa zamani. EntityDamage, njo vile mulipuko unaumiza batu, niliiacha vilevile, mwenye anasimama karibu naye anakufa, na naona ni vizuri ibaki hivyo.