Tulivyoamua kufunga mwamba wa pweza

Kamati ya uvuvi ya shehia yetu, huku Kusini Pemba, ilipotaka kufunga mwamba wa pweza, yaani watu wasivue hapo, kwa miezi mitatu, mimi nilikuwa katibu. Hoja ya kufunga ilieleweka upesi. Pweza umri wake ni mwaka hivi au kupita kidogo, na hukua haraka mno. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai bila kula, na yakianguliwa naye hufa. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walianza kufunga mwaka 2004, na jirani zetu wa Kisiwa Panza nao wamepata kufunga.

Kilichonikosesha usingizi ni nani angelala njaa miezi hiyo. Wajumbe wengi wana mitumbwi. Ukiwafungia mwamba watakwenda kwenye mshipi, au dago, kambi ya kuvulia mbali na kwao. Nikamwomba mwenyekiti tusiitishe mkutano mpaka tuwasikie wanaokwenda kwa miguu, maana mkutanoni kina mama hukaa nyuma wakaitikia "ndiyo" ili wawahi kupika.

Nikawafuata siku ya bamvua, maji yametoka. Bibi mmoja hakuacha hata kuchokoa shimo lake.

"Mwanangu, nyinyi mkifunga bahari, mimi nifunge nini? Chungu?"

Nikanyamaza. Akanyoosha mchokoo wake: huku ndani twafika kwa miguu, kule kwenye povu hatufiki, kule wanazamia wanaume.

Basi mpaka wetu ukawa huo. Nikaupeleka kamatini: nje pafungwe, ndani pabaki wazi kwa mwenye mchokoo na miguu yake, asizamie mtu. Wazamiaji walinuna. Mmoja akaniuliza kwa nini afungiwe yeye. Nikamwambia: kwa sababu una mtumbwi. Hakupenda, lakini afadhali alisikie kwangu, uso kwa uso, kuliko kwa sheha mbele ya watu.

Siku ya kufungua tuliipanga iangukie bamvua. Ingeangukia maji mafu, bahari isipokupwa sana, wa miguu wangebaki ufukweni wakiwatazama wenye mitumbwi wakivuna. Zamu za ulinzi walipewa wenye mitumbwi, ndio wanaofika kule. Yule aliyenuna alikubali zamu yake baada ya kamati kuandika kwamba wageni wa dago nao, wakivua palipofungwa, watatozwa faini ile ile ya wenyeji.