Taa ya ABS kwenye Corolla 110 yangu, shida ilikuwa waya wa sensa

Gari yangu ni Corolla 110 ya mwaka 1998, na taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu) ilianza kuwaka kipindi cha masika natoka Dumila narudi Morogoro. Ilikuwa hivi, nikiwasha gari taa inawaka inazima yenyewe kama kawaida, natembea vizuri tu, halafu nikikata kona ya kulia inawaka na haizimi tena mpaka nizime gari niwashe upya. Breki zilikuwa zinashika, ile taa nyekundu ya breki haikuwaka, oili ya breki ipo kwenye alama, kwa hiyo nikaendelea taratibu huku nimeacha nafasi kubwa na gari ya mbele. Ila nyekundu ikiwaka pamoja na ya ABS usitembee aisee, paki kwanza uangalie oili.

Fundi wa kwanza hata hakuinama kuangalia tairi. Akasema bosi hiyo pampu ya ABS imekufa, tafuta ya mtumba nikufungie, na kama hela bado tutoe kibalbu hicho kisikusumbue. Hilo la kutoa balbu lilinikera kwa kweli, gari napakia watoto humo, nataka nijue breki zina nini sio nifichiwe.

Nikaamua nisome kodi mwenyewe, yaani namba ya kosa ambayo gari inaitoa kwa kupepesa taa. Ukifungua boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSTIC, ndani ya mfuniko wake kuna mchoro wa matundu na majina. Nikachukua kipande cha waya nikaunganisha TC na E1 (soma mchoro mara mbili, maana humo humo kuna tundu la B+ lenye moto wa betri), nikaweka swichi ON bila kuwasha injini. Taa ya chek injini ikawa inapepesa haraka kwa mwendo mmoja bila kupumzika, yaani yenyewe haina kosa, ila ya ABS ikapepesa mara 3, ikatulia, ikapepesa mara 2, ikatulia muda mrefu kidogo, ikarudia. Hiyo ni 32. Kwa hizi Toyota za zamani 31 ni sensa (kifaa kinachosoma mzunguko wa tairi) ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia na 34 nyuma kushoto. Pampu haikutajwa kabisa!

Lakini kodi inakuonyesha upande tu, haisemi sensa imekufa, inaweza kuwa waya, soketi, au uchafu. Nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikatoa tairi, nikachomoa soketi za sensa zote mbili za mbele nikapima kwa mita upande wa ohm. Ya kulia ikasoma kilo-ohm 1.2, ya kushoto nayo 1.2. Hapo ningesema sensa nzima na ningekosea. Nikakumbuka ile kona, nikamwambia mdogo wangu azungushe usukani taratibu kulia mimi nikiwa nimekodolea mita kwenye sensa ya kushoto, ikakaa 1.2, 1.2, halafu ghafla ikaruka ikabaki ile 1 ya pembeni, yaani hakuna mawasiliano. Nikaushika waya pale unapofungwa kwenye shokapu, ukiukunja kwa vidole unausikia laini kama uzi, shaba imekatika ndani na mpira wa nje hauna hata mkwaruzo.

Watu wengi wanaunga hapo hapo, mimi sikutaka, sehemu inayokunjwa kila ukikata kona ukiiunga inakuwa ngumu na itakatika tu tena pembeni ya kiungo. Nikatafuta sensa ya mtumba na mita yangu mkononi, ya kwanza niliyopewa ilikuwa imekata, ya pili ikasoma vizuri hata nilipoukunja waya wote, ndiyo nikalipia. Kuitoa ya zamani ndiyo ilinitesa, bolti ni moja tu ya spana 10 ila sensa ilikuwa imeganda na kutu, nikaipulizia dawa ya kutu nikaisubiri karibu saa nzima, nikawa naichezesha kidogo kidogo kushoto kulia. Tundu nikalisugua, na meno ya ile ringi inayozunguka na tairi, ambayo sensa inaisoma, nikayapiga brashi.

Kufuta kodi nikarudisha waya kwenye TC na E1, swichi ON, nikakanyaga breki haraka haraka zaidi ya mara 8 ndani ya sekunde 5, taa ikaanza kupepesa sawasawa bila namba. Nikatoa waya, nikaenda barabara ya vumbi isiyo na watu, nikafika kama 40 nikakanyaga kwa nguvu, pedali ikatetemeka chini ya mguu tatatata, yaani ABS inafanya kazi, na usukani ukanitii mpaka gari ikasimama.